Mizani, Ubao na Utepe: Kupima Lishe ya Mtoto Tangu Kliniki Hadi Ujana

Kati ya Aprili 1999 na Julai 2002, watafiti katika hospitali ya Kilifi, kaskazini mwa Mombasa, waliwapima watoto 8,190 wa kuanzia mwaka mmoja hadi chini ya miaka mitano waliolazwa kwa maradhi tofauti tofauti. Swali lao lilikuwa la kazi ya kila siku. Ili kumtambua mtoto ambaye utapiamlo unaweza kumuua, je, ni lazima muuguzi awe na mizani, ubao wa urefu na jedwali la hesabu, au utepe unaozungushwa mkononi unatosha? Majibu yalichapishwa mwaka 2005. Utepe ulibashiri hatari ya kifo sawa na uzito uliolinganishwa na urefu, tena ulikuwa mwepesi kutumia kwa mtoto aliye hoi kitandani. Mpaka waliouchunguza, sentimita 11.5, ndio uliotajwa mwaka 2009 na Shirika la Afya Duniani (WHO) pamoja na UNICEF kuwa alama ya utapiamlo mkali.

Kwa hivyo mzazi wa mtaa wa Bondeni, Mombasa, anayeuona utepe ule wa rangi tatu kliniki anaona chombo kilichojaribiwa kwa watoto wa pwani hii hii.

Mitaani, hata hivyo, mtoto hupimwa kwanza kwa jicho. Mashavu yakijaa, majirani humsifu mama. Mtoto akiwa mfupi, husemwa kamfuata babake. Kijana akikonda, husemwa anakua. Huenda kila kauli ikawa kweli, lakini jicho humlinganisha mtoto na wale lililozoea kuwaona, na palipo na watoto wengi waliodumaa, aliyedumaa huonekana wa kawaida. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 uligundua kuwa asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ikilinganishwa na asilimia 26 mwaka 2014. Kaunti ya Kilifi, jirani wa Mombasa, ndiyo iliyoongoza kwa asilimia 37. Utafiti huo huo ulikuta karibu nusu ya wanawake wazima wana uzito uliozidi. Njaa na unene vinakaa nchi moja, mara nyingine nyumba moja, na vyote viwili hujulikana mapema kwa kupima.

Umri kwanza

Kabla ya kugusa mizani, pata tarehe ya kuzaliwa. Kilo kumi ni habari njema kwa mtoto wa mwaka mmoja na ni habari mbaya kwa wa miaka mitatu. Tarehe itoke kwenye cheti cha kuzaliwa au kijitabu cha mama na mtoto kinachotolewa kliniki, isitoke kwenye kumbukumbu ya shangazi.

Kwa familia za Bondeni na Mji wa Kale kuna jambo la kuangalia zaidi. Wengi huhesabu umri kwa mwezi mwandamo: mtoto huyu alizaliwa Ramadhani, yule alizaliwa Mfungo Sita. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, yaani takriban siku 11 pungufu kuliko mwaka wa kalenda inayotumiwa kliniki. Mtoto aliyetimiza miaka mitano ya Kiislamu amebakisha karibu miezi miwili kutimiza mitano ya chati. Kwa kijana wa miaka 13, pengo hilo hukaribia miezi mitano. Akisomwa kwenye mstari wa umri usio wake, ataonekana mfupi na mwepesi kuliko alivyo.

Pasipo na tarehe, tafuta tukio ambalo kila mtu analikumbuka: reli ya SGR ilipozinduliwa Mei 2017, shule zilipofungwa kwa ajili ya Korona Machi 2020, Uchaguzi Mkuu wa Agosti 2022. Uliza kama mtoto alizaliwa kabla au baada, kisha karibia mwezi wenyewe kwa maswali. Na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hurekebishiwa umri hadi afikishe miaka miwili: aliyewahi kwa miezi miwili, akiwa na miezi minane husomwa kama wa miezi sita.

Uzito

Kliniki nyingi hutumia mizani ya kuning'inia, ambayo mtoto hutiwa ndani ya suruali ya kitambaa, au mizani ya elektroniki ya kusimama. Yoyote itumikayo, mambo ya kuangaliwa ni yale yale.

Sindano au namba isome sifuri kabla ya mtoto kupanda, na suruali ya kupimia iwe tayari imening'inia wakati wa kusawazisha. Mtoto mdogo avuliwe nguo, avuliwe na nepi. Bangili nzito zitolewe. Leso aliyofungiwa isipandishwe naye mizanini. Mizani ikae juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, si juu ya mkeka wala zulia. Uzito usomwe mtoto akiwa ametulia na uandikwe papo hapo hadi sehemu ya kumi ya kilo: 9.4, si "tisa na kitu".

Akikataa kusimama peke yake, mama hupanda kwanza, mizani ya elektroniki hurudishwa kwenye sifuri, kisha hukabidhiwa mtoto. Mizani ya nyumbani nayo hutumika kwa njia hiyo, mama akijipima peke yake, halafu akiwa amembeba, na tofauti ndiyo uzito wa mtoto. Lakini isitegemewe kwa mtoto mchanga. Mvulana wa wastani huongezeka kutoka kilo 9.6 anapotimiza mwaka hadi kilo 12.2 anapotimiza miwili, yaani kama gramu 220 tu kwa mwezi. Nepi iliyolowa na kikombe cha uji hufikia uzito huo. Ndiyo sababu haifai kumpima kila siku na kupata wasiwasi kwa kila namba. Mara moja kwa mwezi katika miaka ya kwanza, kwenye mizani ile ile, inatosha kuonyesha anakokwenda.

Urefu na kimo

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na hapa ndipo kosa dogo hudhuru sana. Mtoto kati ya mwaka mmoja na miwili hurefuka kama sentimita moja kwa mwezi. Ukikosea sentimita moja, umemwongeza au umemnyang'anya mwezi mzima wa kukua.

Aliye chini ya miaka miwili hupimwa amelala juu ya ubao. Kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja hushika kichwa kiguse ubao wa mwisho, macho yakitazama juu moja kwa moja. Wa pili hunyoosha magoti kwa upole na kusogeza kibao hadi kikandamize nyayo. Kuanzia miaka miwili hupimwa amesimama. Mtu huwa mfupi kidogo akisimama kuliko akilala, na WHO imekadiria tofauti hiyo kuwa sentimita 0.7. Kwa hivyo mtoto wa miaka mitatu aliyelazimika kupimwa amelala hupunguziwa 0.7, na wa chini ya miwili aliyepimwa amesimama huongezewa 0.7.

Anayesimama avue viatu. Visigino, mashavu ya miguu, makalio, mabega na kisogo viguse ubao kadiri inavyowezekana. Atazame mbele, kidevu kisiinuliwe. Kibao cha juu kishuke hadi kikandamize nywele. Msichana aliyesukwa na kufungiwa mafundo utosini huongezewa sentimita kadhaa zisizo zake, hivyo mafundo yafunguliwe au kipimo kiahirishwe hadi siku ya kusukwa upya. Kofia ya kanzu nayo ivuliwe.

Shule au madrasa isiyo na ubao inaweza kuchora kipimo ukutani, ila ukuta uchaguliwe. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa, na kuta zake zina mabonde na miinuko. Tafuta ukuta wa saruji ulionyooka, usio na ukingo chini, penye sakafu iliyo sawa. Tumia futi ya chuma ya seremala badala ya ile ya fundi cherehani, kwa kuwa ya kitambaa hunyumbuka kadiri inavyotumika. Juu ya kichwa weka kitu chenye pembe mraba, kama kitabu kigumu kilichobanwa ukutani, wala si kiganja. Pima mara mbili. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya nusu sentimita, pima tena. Na kwa kuwa mtu hupungua kimo kidogo tangu asubuhi hadi jioni, mpime mtoto saa zile zile kila mara.

Mkono

Utepe wa mkono ni wa watoto wa miezi 6 hadi 59. Katika umri huo mzingo wa mkono hubadilika kidogo mno, na hilo ndilo linalowezesha mipaka michache kutumika kwa wote. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali. Njano, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5, ni utapiamlo wa wastani. Kijani, 12.5 na zaidi, ni salama.

Mhudumu hupima mkono wa kushoto wa mtoto. Hukunja kiwiko kupata katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, huweka alama, kisha huuacha mkono uning'inie kwa ulegevu na kuzungusha utepe. Utepe uguse ngozi pande zote bila kuibana wala kuacha nafasi.

Mama naye anaweza. Utafiti uliofanywa Niger ulionyesha kuwa akina mama waliofundishwa kwa muda mfupi waliwatambua watoto wenye utapiamlo vizuri, hata walipokadiria katikati ya mkono kwa macho na kutumia mkono wowote. Tangu hapo nchi nyingi, Kenya ikiwemo, zimeanza kuwakabidhi wazazi utepe wakae nao nyumbani. Wahudumu wa afya ya jamii ambao serikali ilizindua vifaa vyao Septemba 2023, wanaofikia 100,000 nchini, hubeba utepe huu pamoja na mizani mikobani mwao. Mmoja wao akibisha hodi, mwulize.

Kwa watoto wachanga zaidi, mwongozo wa WHO wa mwaka 2023 uliongeza mpaka mpya: mtoto wa wiki 6 hadi chini ya miezi 6 mwenye mkono wa chini ya sentimita 11.0 ahesabiwe kuwa hatarini na achunguzwe.

Onyo moja halina budi kutolewa kwa sauti. Utepe wa rangi usitumiwe kwa watoto wa shule. Mtoto wa miaka kumi mwenye mkono wa sentimita 14 atasoma kijani, ilhali amekonda kupita kiasi. Wakubwa wana mipaka yao, na mhudumu ndiye wa kuulizwa.

Miguu

Kuna mtoto ambaye mizani humsingizia uzima. Utapiamlo wa aina ya kwashiakoo hujaza mwili maji, na maji yana uzito. Mtoto huonekana amenona usoni na kilo zake hupendeza, ilhali ni mgonjwa mahututi.

Kumpima ni kazi ya dakika moja. Bonyeza kwa kidole gumba upande wa juu wa unyayo wa kila mguu kwa sekunde tatu, kisha ondoa. Pakibaki shimo kwenye miguu yote miwili, mtoto huyo apelekwe hospitalini siku ile ile, hata kama utepe wake ni kijani na uzito wake uko juu ya mstari.

Kuisoma chati

Ndani ya kijitabu cha kliniki mna kurasa za mistari iliyopinda, tofauti kwa wavulana na wasichana. Wazazi wengi hukibeba kijitabu hicho miaka mitano bila kuelezwa. Mstari wa kati, wenye sifuri, ni wa mtoto wa wastani. Mistari ya juu na ya chini huonyesha umbali kutoka hapo: 2 na 3 juu, -2 na -3 chini. Walio wengi sana hukaa kati ya -2 na 2.

Kipimo cha kwanza ni uzito kwa umri, nacho huonyesha kama mtoto ni mwepesi kuliko rika lake bila kusema kwa nini. Cha pili ni urefu kwa umri. Chini ya -2 ni kudumaa, alama ya lishe duni au maradhi ya muda mrefu. Mvulana wa miaka miwili aliyelazwa ubaoni huingia hapo akiwa chini ya sentimita 81.7, na msichana chini ya 80.0. Akitimiza mitano, mpaka ni 100.7 kwa mvulana na 99.9 kwa msichana. Cha tatu ni uzito kwa urefu. Chini ya -2 ni kukonda kunakohitaji tiba, na chini ya -3 ni hatari kubwa. Juu ya 2, kwa walio chini ya miaka mitano, ni uzito uliozidi.

Uzito kwa urefu na utepe wa mkono havichagui watoto wale wale kila mara. Anayeanguka kwenye kimojawapo ahudumiwe, wala asisubiri cha pili kikubali.

Hapo huja hoja inayosikika sana vibarazani: chati hizo ni za Wazungu, sisi tuna asili zetu. Ukoo mmoja wa Bondeni unaweza kuwa na Mswahili, Mmijikenda, Mbajuni, Mwarabu na Mhindi, na kila mmoja ana imani yake kuhusu urefu wa watu wake. Jibu limo ndani ya utafiti ulioizaa chati. Kuanzia 1997 hadi 2003, WHO ilifuatilia watoto wapatao 8,500 katika miji sita: Pelotas nchini Brazil, Accra nchini Ghana, New Delhi nchini India, Oslo nchini Norway, Davis nchini Marekani, na Muscat nchini Oman, mji wenye undugu wa karne nyingi na pwani hii. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa, wa mama wasiovuta sigara, wenye afya na makazi mazuri. Wakakua karibu sawa. Katika tofauti zote za urefu zilizoonekana, asilimia 3 tu ilitokana na nchi, na asilimia 70 ilikuwa baina ya mtoto na mtoto. Chati ilitolewa mwaka 2006. Mzazi mfupi anaweza kupata mtoto mfupi, ni kweli. Lakini mtaa mzima wa watoto wafupi hauelezeki kwa ukoo.

Kilicho muhimu kuliko nukta moja ni mwelekeo. Mtoto aliye chini kidogo ya mstari wa kati, akipanda nao sambamba mwezi baada ya mwezi, anakua vyema. Aliyekuwa juu na sasa mstari wake umelala au unashuka na kukata mistari mingine, huyo ana tatizo hata kama bado hajafika -2. Muulize muuguzi akuchoree nukta na akuonyeshe ya mwezi uliopita.

Wenye miaka mitano hadi 19

Baada ya chanjo za utotoni kwisha, kijitabu hutupwa kabatini na mtoto hapimwi tena mpaka augue. Hapo ndipo mwili unapoingia katika safari yake kubwa ya pili. Wasichana wengi huanza kurefuka kwa kasi kati ya miaka 9 na 11, wavulana huchelewa kwa karibu miaka miwili. Katika mwaka wa kasi zaidi, msichana huweza kuongeza sentimita 8 na mvulana 9 au 10. Mwili unaojengwa hivyo unahitaji chakula kingi, na pengo likitokea huonekana kwenye namba.

Kipimo cha umri huu ni BMI: uzito kwa kilo ugawanywe kwa kimo cha mita kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe. Watu wazima wanazijua namba zao: chini ya 18.5 ni mwembamba, 25 na zaidi ni mnene. Namba hizo hazimfai mtoto. WHO ilitoa jedwali lake mwaka 2007 kwa wenye miaka 5 hadi 19, na humo mpaka hubadilika kwa kila mwezi wa umri na kwa jinsia. Chini ya -2 ni wembamba uliopita kiasi. Juu ya 1, na si 2 kama kwa watoto wadogo, ni uzito uliozidi. Juu ya 2 ni unene wa kupindukia.

Chukua mvulana wa miaka 10 mwenye kilo 40 na kimo cha mita 1.36. Kimo kikizidishwa chenyewe ni 1.85, na 40 ikigawanywa kwa 1.85 ni 21.6. Kwa baba yake, 21.6 ni namba ya kushukuru. Kwa mvulana huyu mpaka wa unene wa kupindukia ni 21.4, naye ameshauvuka.

Chukua sasa msichana wa miaka 14 mwenye kilo 38 na kimo cha mita 1.50. BMI yake ni 16.9. Jedwali la watu wazima lingemwita mwembamba na kumtia hofu bure, kumbe kwa umri wake mpaka wa chini ni 15.4 na yuko salama. Mwenzake wa darasa, wa umri na kimo hicho hicho lakini mwenye kilo 33, ana 14.7. Huyo ndiye wa kushughulikiwa. Wakisimama bega kwa bega katika sare ya shule na mtandio, mwalimu huenda asione tofauti.

Kipimo kingine hakihitaji mizani wala hesabu. Chukua kamba yenye urefu sawa na kimo cha mtoto, ikunje katikati, kisha izungushe kiunoni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kupumua nje kawaida. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya kimo. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 unapendekeza kipimo hiki kuanzia miaka mitano, kwa sababu mafuta ya tumboni ndiyo yanayofuatana na kisukari na maradhi ya moyo baadaye.

Heshima ya anayepimwa

Kijana hupimwa kwa siri na kwa adabu. Msichana apimwe na mwanamke, ndani ya chumba au nyuma ya pazia, ambapo anaweza kuvua buibui na viatu bila kuona haya. Mvulana atoe simu na funguo mfukoni. Namba iandikwe, isitangazwe. Mwalimu anayetaja kilo za mwanafunzi mbele ya darasa amempa jina la utani la miaka mingi, na amewafundisha wengine kukwepa mizani. Wakati wa Ramadhani, uzito wa alasiri wa aliyefunga usilinganishwe na wa siku ya kawaida, maana maji yaliyopungua mwilini huonekana kama kilo zilizopotea.

Kile ambacho vipimo havioni

Mtoto mwenye vipimo vizuri anaweza kupungukiwa damu, madini ya chuma au vitamini A. Msichana aliyevunja ungo, mwenye BMI safi lakini anayechoka kupanda ngazi na mwenye viganja vyeupe, anahitaji kupimwa damu. Vipimo pia havitaji sababu. Minyoo, kifua kikuu, na selimundu, ambayo ni maradhi ya kawaida katika ukanda wa pwani, huweza kumzuia mtoto kukua hata sahani ikiwa imejaa. Na mtoto mwenye ulemavu asiyeweza kusimama wima hasomeki kwa kimo. Kwake mzingo wa mkono hufaa zaidi, ukilinganishwa na wake mwenyewe wa mwezi uliopita.

Baada ya namba

Nyekundu au uvimbe wa miguu: kliniki leo, si kesho. Asiye na matatizo mengine hutibiwa akiwa nyumbani kwa chakula cha tiba cha njugu, ambacho pakiti moja ya gramu 92 ina kilokalori 500. Chakula hicho ni dawa ya mtoto huyo peke yake, hakigawanywi kwa ndugu zake. Mwenye homa, kutapika, au asiyetaka kula hulazwa. Njano: kliniki ndani ya wiki hiyo, na kupimwa tena kadiri atakavyoelekezwa.

Kwa aliye chini ya mstari bila hatari, jiko la Bondeni lina mengi. Uji mtupu na chai kwa mahamri hushibisha bila kujenga. Mbaazi za nazi, dagaa waliosagwa ndani ya uji, yai, samaki, mchicha, papai na maembe ya msimu hujenga. Mtoto mdogo ale kidogo kidogo mara nyingi, kwenye sahani yake, maana kwenye sinia la pamoja anayekula polepole hubaki na njaa bila mtu kujua.

Kwa aliyezidi, usimnyime chakula anayekua. Ondoa vinywaji vya sukari kwanza: soda moja ya mililita 300 ina karibu gramu 30 za sukari. Viazi karai, chipsi na kachri viwe vya siku moja moja, visiwe chakula cha kila jioni baada ya chuoni. Mwache acheze mpira. Kwa wengi lengo ni uzito utulie huku kimo kikiendelea kupanda.

Wiki za Malezi Bora huadhimishwa kila Mei na Novemba, na watoto wa chini ya miaka mitano hupimwa na kupewa vitamini A na dawa za minyoo. Mpeleke mtoto na kijitabu chake, usiondoke kabla nukta haijachorwa na kuelezwa. Na yule mkubwa aliyeacha kupelekwa kliniki tangu akiwa mdogo, mpime kimo na uzito angalau mara mbili kwa mwaka, uandike tarehe, umpeleke kwa muuguzi asomwe kwa jedwali la umri wake. Wakuu wa shule na walimu wa madrasa wa kisiwa cha Mombasa wanaweza kuanza muhula huu huu kwa futi ya chuma, mizani moja na daftari.